Namba Sabini na Nne Hagusi Mpira

Jumapili, 2 Septemba 2007. Rooty Hill

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Fiacre hukisoma polepole. Mimi nimezaliwa Kigoma na kusomea Kigoma. Yeye ni mtu wa Ngozi, Kiswahili alikiokota kambini akiwa na ndevu tayari. Akilikuta daftari hili atakuwa bado anahangaika na ukurasa wa kwanza wakati mimi nimeshafika Brisbane.

Ndiyo, Brisbane. Dada yangu Ikirezi ameshanitandikia godoro kwenye chumba cha pili, na nyumba ya wazee anakofanya kazi inatafuta watu. "Njoo, Armelle," ananiambia kila nikimpigia. "Utakaa na ukuta mpaka lini?" Nimemwambia anisubiri hadi karibu na Krismasi. Nimempa mume wangu msimu mmoja abadilike, na yeye hajui kama amepewa.

Mtu akiniuliza kosa lake nitaona haya kulitaja. Hapigi, halewi, mshahara wake wa ghala unafika nyumbani mzima. Kosa lake ni kunyamaza. Mwezi wa saba daktari alituambia mirija yangu imeziba pande zote mbili, mtoto tusimtegemee. Fiacre akasema "Thank you, doctor", akanishikia koti, tukapanda treni. Nilingoja alie, anilaumu, anikumbatie, chochote. Tangu siku ile hajaligusa neno hilo. Miaka minne ya ndoa, nyumba ya vyumba viwili, na kimya.

Badala yake amejiunga na timu ya mpira wa Kimarekani. Mrundi, Australia, mpira wa Kimarekani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kocha alimwona akipakua majokofu kazini.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimekwenda kumtazama. Mchezo wenyewe, kadiri nilivyoelewa, ni huu: watu kumi na mmoja wanataka kwenda mbele na kumi na mmoja wanawakatalia. Kila baada ya sekunde chache wote wanaanguka, wanainuka, wanajadiliana, wanaanza upya, kama kikao cha wazee wa kanisa.

Nyuma anasimama mrushaji. Huyu ni Kariuki, Mkenya anayesoma chuo kikuu kule Kensington, mwembamba, mzuri wa sura, na anajijua. Yeye hupokea mpira, hutazama mbali, huurusha, na watu hushangilia. Mbele yake wameinama wanaume watano wanene waliopangwa mstari. Hao ndio ukuta. Wapinzani wanataka kumvunja Kariuki, na kazi ya watano hawa ni kuwazuia. Hawabebi mpira, hawarushi, hawadaki. Mume wangu ndiye wa mwisho upande wa kushoto, jezi namba sabini na nne.

Mchana mzima umepita na sijamwona akiugusa mpira hata kwa kidole.

"Mbona hawakupi mpira?" nilimuuliza ndani ya gari.

"Si kazi yangu."

"Kazi yako ni ipi?"

Alifikiri mpaka taa za barabarani zikabadilika na gari la nyuma likatupigia honi. "Kuzuia," akasema.

Nimeolewa na mtu wa kuzuia.

Jumapili, 9 Septemba

Baba mdogo Melchior amekuja kutoka Parramatta kwa treni, kama kila Jumapili baada ya ibada. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wa Fiacre hapa Sydney, na suti yake ya kahawia inalijua jambo hilo. Amekula wali na maharage, ameongeza, amenitazama kwa macho ya huruma ambayo siyapendi hata kidogo. Alipoweka tu kikombe chini, Fiacre akasimama. "Nikusindikize, baba mdogo."

Kituo cha treni kiko hapo tu, nikisimama mlangoni nasikia behewa likifunga breki. Walikaa huko saa nzima. Fiacre aliporudi, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Habari za nyumbani."

Jumatano, 12 Septemba

Simu tena. Huitazama namba, hutoka, husimama chini ya kamba ya kuanikia nguo na kunong'ona Kirundi. Nikifungua mlango anakata.

Kuna mwanamke. Niandike tu, maana kichwani limeshaandikwa.

Jumatatu, 17 Septemba

Sikuwa na zamu leo. Nimezunguka nyumba nzima nikihamisha vitu: kabati kutoka huku, meza kutoka kule. Fiacre alikuwa ametoka kazini asubuhi na amekaa mbele ya televisheni na diski aliyopewa na Kocha.

Kocha ni Mmarekani mzee mwenye magoti yaliyokwisha, aliyemfuata mke wa Kiaustralia hadi huku. Inasemekana alicheza kwa malipo huko kwao, miaka mingi, ligi kubwa kabisa. Inasemekana, kwa sababu hakuna anayemjua.

"Njoo uone," Fiacre akasema. Kwake hiyo ni hotuba, basi nikakaa. "Huyu wa sitini na tano. Ndiye Kocha."

Kijana mwenye shingo nene, ameinama mstarini. Mpira ukatoka, mtu mmoja akakimbia nao, akapita ubavuni mwa Kocha, akaenda, akaenda, uwanja mzima ukasimama. Mtangazaji akamtaja mkimbiaji, akamtaja mrushaji, akamtaja mpaka mama wa mkimbiaji aliyekuwa jukwaani na kofia yake. Kocha alikuwa chini ya watu wawili. Aliinuka, akarekebisha kile kiplastiki cha meno, akarudi mahali pake. Fiacre akairudisha picha nyuma. "Tazama miguu yake." Akairudisha tena. Nilitazama miguu. Niliona miguu.

Baadaye sana refa akatupa kitambaa cha njano, maana yake kuna aliyekosea, na hapo ndipo mtangazaji akalitamka jina la Kocha. Alikuwa amemshika mtu jezi.

"Basi, ni hilo tu? Hawakumtaja mpaka alipokosea?"

"Kocha anasema mwaka mzuri kwa mtu wa ukuta ni ule usioisha vibaya na jina lako halikutajwa."

Alisema hivyo akitabasamu. Tabasamu hilo sijaliona tangu mwezi wa saba, na amempa mtu wa kwenye diski. Nimelirudisha kabati lilikokuwa.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mvua. Mchezo umeahirishwa. Nimeanika, nimeanua, nimeanika, nimeanua.

Jumamosi, 13 Oktoba

Kosa ni langu, nilijisifu kanisani. Nilimwambia Candide, kiongozi wa kwaya, kwamba mume wangu anacheza mpira wa Kimarekani, na Candide akitajiwa jambo halibaki dogo. Leo amekuja na akina mama wa kwaya, vitenge vya sare, ngoma mbili na sufuria ya mandazi.

"Anacheza namba gani?"

"Sabini na nne."

"Mpira ataupata saa ngapi?"

Nikasema ngojeni.

Walingoja kwa kelele. Kumbe mchezo huu una adabu yake: timu yenu ikiwa na mpira, mashabiki mnanyamaza, ili ukuta umsikie mrushaji anapoita ishara ya kuanza. Wageni wakiwa na mpira ndipo mnapiga kelele, wao wasisikiane. Sisi tulifanya kinyume, kwa moyo wote. Fiacre akiinama tu, ngoma. Hakusikia kitu. Akatoka kabla ya mpira kutoka, kitambaa cha njano kikaruka, na kipaza sauti kikatangaza kwa Kiingereza: kosa, namba sabini na nne.

Akina mama waliposikia sabini na nne, wakasimama wote na vigelegele. Candide alinikumbatia. "Wamemtaja! Wamemtaja!"

Kariuki alikuja mbio mpaka kwenye uzio, ameiweka helmeti kwapani. "Wamama wangu, please! Tukiwa na ball, nyamazeni kabisa. Wale wakiwa nayo, hapo sasa pigeni nduru mpaka Penrith wasikie."

"Nani ananyamaza mtoto wake akicheza?" Candide akamjibu. "Hata kwenye mazishi hatunyamazi hivyo."

Ndani ya gari nilicheka mpaka machozi, na Fiacre akacheka pia, mkono wake ukaja ukakaa juu ya goti langu. Kwa muda huo mfupi sikuikumbuka Brisbane. Kisha simu yake ikalia. Hakuipokea, aliizima, lakini mkono uliondoka.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimefanya jambo. Kwetu huendi kuomba neno kubwa mikono mitupu, na huendi peke yako. Nimenunua kreti ya bia, nimemchukua Candide awe msemaji, tumemkuta Kocha uwanjani kabla wachezaji hawajafika mazoezini.

Candide alianza inavyopasa: afya yake, mke wake, magoti yake, mvua ya mwaka huu. Mimi nilitafsiri. Kocha alitazama kreti, akatutazama sisi, akatazama saa. Ndipo Candide akafika penyewe: kijana wetu amekufanyia kazi kwa uaminifu, sasa sisi wa upande wake tumekuja kukuomba umpe mpira.

Kocha alicheka akashika goti. Alipoona hatucheki, akaacha. Akatueleza kuwa mtu wa upande wa kushoto wa ukuta ndiye mtu adimu kuliko wote, kwamba yeye mwenyewe alisimama pale miaka yote. Nilimwambia, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba kwa heshima zote, yeye mwenyewe hakuna anayemjua.

Aliitazama tena ile kreti. Akasema mmoja wa wadakaji wake anakwenda harusini wiki ijayo. "One game," akasema. "One." Bia aliipokea.

Sikumwambia Fiacre. Naye ana ya kwake asiyoniambia.

Jumamosi, 3 Novemba

Naandika upesi, mwandiko huu sitausoma kesho.

Walimvalisha jezi nyingine, themanini na nane, kwa kuwa mtu wa ukuta haruhusiwi kudaka na namba yake. Ilimbana tumboni. Alikuwa anaitazama jezi ya sabini na nne mgongoni mwa kijana mwingine aliyewekwa mahali pake, na mimi nilifurahi. Nilikaa mbele kabisa. Niliwaambia akina mama wanyamaze, na walinyamaza.

Mpira ulipoanzishwa mara ya pili au ya tatu, Kariuki akaupokea, akageuka kulia. Fiacre alikuwa amekimbia, amewapita watu, amegeuka na mikono wazi. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Nilisimama. Kariuki alimwona, akauinua mkono kurusha.

Alitokea kushoto, mgongoni mwa Kariuki, mtu mkubwa aliyempita yule kijana wa sabini na nne kama mlango ulioachwa wazi. Kariuki hakumwona kabisa. Mlio wa mfupa niliusikia kutoka jukwaani, au naamini niliusikia. Mpira haukutoka mkononi. Fiacre alibaki kule mbali amesimama na mikono yake wazi, kisha akaishusha, akarudi mbio, akapiga magoti na kumshika Kariuki kichwa asijitikise mpaka gari la wagonjwa likafika.

Mfupa wa bega. Hatarusha tena msimu huu. Wamesema amebahatika.

Kocha hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Jumatatu, 5 Novemba

Amejua habari ya kreti. Alivua viatu mlangoni, akakaa kitandani, akasema, "Ungeniuliza."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Niliviokota viatu vyake nikavipanga.

Jumamosi, 17 Novemba

Kariuki amekuja uwanjani na mkono kwenye kitambaa, akakaa kando yangu. Nilimletea mandazi. Nilimletea na pole yangu, nikamwambia yote, kreti na msemaji na tafsiri. Nilitegemea atukane.

"Shem," akasema, mdomo umejaa, "mimi nimewahi peleka whisky kwa coach wa rugby high school. Tulia."

Kisha akanifundisha kutazama. Usifuate mpira, alisema. Mpira ukitoka, macho kushoto. Kwa mara ya kwanza msimu mzima nikamtazama mume wangu akifanya kazi yake. Hasukumi ovyo. Anarudi nyuma hatua fupi fupi, mgongo wima, anajiweka palepale ambapo yule mtu lazima apite, kisha anampokea. Yule akienda ndani, Fiacre yuko ndani. Akizunguka nje, Fiacre yuko nje. Nyuma yake kuna kijana mwenye mpira anayetazama upande mwingine kabisa.

"Mimi nikirusha, kushoto yangu sioni kitu," Kariuki akasema. "Blank. Na siangaliangi. Unajua kwa nini siangaliangi? Ju ya yeye. Hiyo siku ndiyo pekee nilifaa kuangalia."

Nilimuuliza kama amewahi kumwambia Fiacre hivyo.

"Hapana, maze. Mnaongeleaje kitu kama hiyo?"

Mchezo tumeshindwa vibaya. Bila Kariuki tunashindwa kila wiki. Mjakaranda wa jirani umemwaga maua yote juu ya gari letu, na Fiacre ameyaondoa moja moja ili asikwaruze rangi. Nilimtazama dirishani. Simu ikalia. Akaenda kwenye kamba ya nguo.

Kama kuna mwanamke, ana bahati gani ya kuongelewa hivyo kila siku.

Jumamosi, 24 Novemba

Uchaguzi. Kila mtu anakula soseji mbele ya shule inakopigiwa kura. Sisi bado si raia, hatupigi kura. Nimekula soseji.

Jumapili, 2 Desemba

Ikirezi anauliza tarehe. Nimesema baada ya mchezo wa mwisho, tarehe kumi na tano. Nimetoa begi juu ya kabati, nimelirudisha, nimelitoa.

Jumapili, 9 Desemba

Fiacre alikuwa kazini, ghala lina kazi za Krismasi hata Jumapili. Baba mdogo alikuja hivyo hivyo. Alikula. Alipomaliza chai alisimama mwenyewe aende kituoni, na mimi nikamfungulia mlango, na mbingu ikafunguka pamoja nao.

Sijawahi kuona mvua ya barafu ya namna ile. Mawe makubwa kama malimau. Yalivunja kioo cha gari la jirani, yakatoboa paa la banda, kamba ya nguo ikawa inazunguka peke yake kwa kishindo. Nilimvuta baba mdogo ndani kwa mkono wa suti. Tulikaa jikoni tukipigiana kelele kwa sababu ya bati, mpaka yakapungua, na maji yakabaki yamejaa barabarani. Hakuna pa kwenda. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa peke yangu na baba mdogo Melchior.

Aliuzungusha mkufu wa saa yake. "Mwanangu, miye niko messager tu," akasema. "Usinikasirikie."

"Sema, baba mdogo."

"Mwezi wa sita wazee walikaa kule Ngozi. Famille yote. Wakasema miaka ine, hakuna mtoto. Fiacre akurudishe kwa dada yako, kuko mschana wa kwetu, wa watu wazuri. Wakanituma. Kila dimanche nakuya na ile maneno, na kila dimanche Fiacre ananitoa inje mbele sijafungua kinywa."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba.

"Mwezi wa saba akaniambia: baba mdogo, docteur amesha ona. Kasoro iko kwangu. Waambie wamuache Armelle." Alikohoa. "Nikawaambia. Tangu pale hakuna amani. Wadogo zake wanamupigia simu kumucheka. Mama yake haamini. Analia, anamutukana, anasema nataka kusikia kwa kinywa ya ule mwanamke mwenyewe. Fiacre anakatala. Anasema ile simu haitafika kwa Armelle, mufanye munavyotaka. Sasa nakuuliza, mwanangu. Iko kweli? Iko yeye?"

Mvua ilikuwa imebaki ya kawaida. Nilisema nina kitu jikoni, na tulikuwa jikoni.

Nilikwenda bafuni nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliona na hasira: nani alimwomba? Mwanamume mzima amejivika aibu yangu tangu mwezi wa saba, amesimama nayo chini ya kamba ya nguo akichekwa na wadogo zake, na mimi ndani nimeshamchorea mwanamke, nimempa na sura. Nampenda. Nilikuwa nimesahau kwamba ni kitu kinachouma namna hii.

Fiacre alifika jioni, kioo cha mbele cha gari kimevunjika. Alimkuta baba mdogo amelala kwenye kochi. Akanitazama usoni, akatazama kochi, akanitazama tena, anatafuta kama kuna kilichopita.

"Mmezungumza nini?"

"Barafu," nikasema.

Alipumua.

Alhamisi, 13 Desemba

Begi limerudi juu ya kabati. Haitoshi. Kila nikifungua mdomo nimwambie kwamba najua, namwona atakavyoanguka: ataona alichokuwa akikizuia kimeshapita. Nimesafisha jiko mara mbili.

Jumamosi, 15 Desemba

Mchezo wa mwisho wa msimu. Tusidanganyane, tulikuwa tunagombea kutokuwa wa mwisho. Timu ya mwisho na sisi, nani apate aibu.

Candide alikuja na kwaya yote, na safari hii wamefuzu. Wapinzani wakiwa na mpira, ngoma, vigelegele, wimbo wa Pasaka, mpaka refa akageuka. Sisi tukiwa nao, kimya. Akina mama thelathini wamefumba midomo, wengine wameiziba kwa mikono. Yule kijana aliyechukua nafasi ya Kariuki alirusha vizuri kwa mara ya kwanza, na kuelekea mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja.

Ndipo nilipoiona suti ya kahawia.

Baba mdogo alikuwa ameingia getini na simu sikioni, anatembea pembeni mwa uwanja moja kwa moja kuelekea benchi letu. Fiacre alikuwa amekaa pale anapumzika, ameinamisha kichwa, mgongo kwetu. Niliteremka jukwaani. Sikukimbia. Nilikwenda mahali ambapo lazima apite, kati ya benchi na uzio, nikasimama na miguu yangu miwili.

"Toka kidogo, mwanangu," akasema. "Wazee wamekaa tena tangu usiku. Mama yuko kwenye ligne. Anataka Fiacre aseme mbele ya wote, leo ile iishe."

"Nipe mimi."

"Si wewe anatafutwa."

"Ni mimi, baba mdogo. Tangu mwanzo ni mimi."

Alijaribu kupita kushoto. Nilikuwa kushoto. Alinitazama kwa muda, mzee wa watu, akanipa simu.

Nilisikia jogoo. Kule kulikuwa ndio kwanza kunakucha. "Mama," nikasema kwa Kirundi, "ni Armelle." Nyuma yangu ngoma zikakatika ghafla, uwanja ukanyamaza, nikajua tumepata mpira na Fiacre ameingia mstarini. Katika kimya kile nilisema kila neno. Kwamba daktari alinipima mimi. Kwamba kasoro ni yangu, na mwanawe alidanganya ili msinitie mdomoni. Kwamba sirudi kwa dada yangu na yeye haoi mtu mwingine, na mwenye neno zaidi ana namba yangu, anipigie mimi, asimpigie tena mume wangu.

Hapo nyuma yangu pakalipuka. Kishindo cha watu kuangukiana, filimbi, vigelegele, ngoma zote mbili. Kipaza sauti kikasema sabini na nne. Maskini, nikawaza, amekosea tena, na wanawake hawa hawatajifunza kamwe. Sikugeuka. Mama mkwe alikuwa ananitukana, matusi ya zamani ya vijijini ambayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afe. Kisha akalia. Alilia kwa muda mrefu na mimi nikalia naye kidogo, tukiwa na bahari na nchi zote zile katikati. Mwishoni akauliza kama Fiacre anakula vizuri.

"Anakula," nikamwambia. "Ungemwona alivyo mkubwa."

Nilimrudishia baba mdogo simu yake. Akaitia mfukoni kwa uangalifu, akasema atawahi treni.

Candide alinidaka kabla sijafika jukwaani. "Umemwona? Umemwona?" Mrushaji wetu alikuwa ameponyokwa na mpira, umeviringika, wote wameurukia, na chini ya lundo lile alipotolewa mtu wa mwisho alikuwa Fiacre, ameukumbatia. Muda ukaisha mikononi mwake. Tumeshinda kwa pointi moja, hatukuwa wa mwisho, na mume wangu aliugusa mpira.

Ndani ya gari aliendesha mpaka njia ya kuingia kwetu bila kusema. Alikuwa na udongo kwenye kope. Akazima injini.

"Uliniona?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Alinitazama kama mtoto aliyeletea mama yake kitu kutoka shuleni.

"Sikukuona," nikasema. "Nilikuwa na kazi kidogo pale getini. Nisimulie."

Akanisimulia. Fiacre wangu alisimulia mpaka vioo vikaingia ukungu. Alivyousikia mpira kabla ya kuuona. Kiwiko cha nani kilikuwa shingoni mwake. Kwamba si laini kama unavyoonekana, una mishono, unakwaruza. Alinionyesha alivyoubana, kwa mikono yote miwili, juu ya usukani. Kisha akaanza upya tangu mwanzo, na mimi nikamwacha.

Sasa anaoga na anaimba. Nimempigia Ikirezi nimemwambia lile godoro ampe mtu mwingine.

Kesho ni Jumapili. Baba mdogo akiweka kikombe chini, nitasimama kabla ya Fiacre. Nitamsindikiza mimi.